Pikipiki ya theluji ikigoma kuwaka, usianze na skrubu

Kila baridi inapoingia kaskazini mwa Minnesota, Maine au Ontario, mafundi wa pikipiki za theluji huletewa malalamiko mawili, na mara nyingi yote hutoka kwa mwenye mashine mmoja. Kwanza, mashine haiwaki mpaka mkono uchoke kuvuta kamba. Pili, ikishawaka haitulii kwenye sailensi, yaani inaponguruma bila kubonyezwa akseleta: mlio unashuka, unazidi kushuka, na usipoishikia akseleta inazima. Wengi huyaona kuwa ni magonjwa mawili. Mimi huyatibu kama ugonjwa mmoja mpaka mashine yenyewe inionyeshe vinginevyo, kwa sababu injini ya kabureta ikiwa imefungwa akseleta hutegemea vijia vilevile vyembamba vya mafuta na hewa, iwe ndiyo kwanza inawashwa au iko kwenye sailensi.

Kwa ambaye hajaiona, pikipiki ya theluji ina ski mbili mbele na nyuma ina mnyororo mpana wa mpira unaosukuma theluji. Injini iko chini ya boneti, na nguvu yake hupelekwa nyuma kwa mkanda wa mpira unaozunguka kati ya klachi mbili. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt huko Quebec, alifiwa na mwanawe majira ya baridi ya 1934 wakati theluji ilipokuwa imefunga njia ya kwenda hospitali. Mwaka 1937 alipata hataza ya mfumo wake wa kuendesha magari juu ya theluji, na mwaka 1959 kampuni yake ikatoa Ski-Doo. Nimeitaja habari hiyo kwa kuwa hadi leo vipo vijiji vya Alaska na kaskazini mwa Kanada ambako chombo hiki hubeba kuni, nyama ya mawindo na hata mgonjwa. Huko kuwaka kwake ni jambo la lazima.

Ninazozungumzia hapa ni injini za mipigo miwili zenye kabureta, za miaka ya 1980 na 1990, ambazo bado zinauzwa mkono kwa mkono kwa bei nafuu. Fundi aliyejifunza kazi kwenye mashine za boti Lamu, Kilwa au Kigoma hatapotea akifungua boneti. Kama kwenye mashine nyingi za boti, petroli na oili vinaungua pamoja, na mchanganyiko hupita kwanza kwenye chumba cha krenki shafti kabla ya kupanda juu ya pistoni. Kigeni kwake kitakuwa baridi tu.

Na baridi ndiyo ya kuielewa kwanza. Petroli huungua ikiwa mvuke. Kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, sehemu kubwa yake hubaki matone, kwa hiyo injini hupewa mafuta mengi kupita kiasi ili hicho kidogo kinachogeuka mvuke kitoshe kushika moto. Hiyo ni kazi ya choki. Sasa, kabureta za Mikuni aina ya VM, zilizofungwa kwenye mashine nyingi za miaka hiyo, hazina kile kibati cha kuziba koo. Choki yake ni kijia cha pembeni chenye kizibo chake, na mafuta hupanda humo kwa mvuto unaotokea slaidi ya akseleta ikiwa imefungwa. Ukibonyeza akseleta huku unavuta kamba, slaidi inapanda, mvuto unapotea, na choki inakuwa kama haipo. Nimewaona watu wenye nguvu wakihangaika kwa sababu hiyo moja. Fungua choki yote, akseleta usiiguse, vuta kamba ndefu na kwa haraka. Mashine nzima haihitaji zaidi ya hapo.

Isipowaka, usifungue kabureta kwanza. Angalia swichi ya kuzimia, na kifuniko cha kamba ya usalama ambayo mwendeshaji hujifunga: kikikaa vibaya, moto haufiki kwenye plagi. Baadhi ya mashine zina pia swichi ya usalama ndani ya wenzo wa akseleta, inayokata moto pale kebo inapolegea, kwa kuwa kebo iliyolegea inaweza kumaanisha slaidi imeganda ikiwa juu. Kebo ikirekebishwa vibaya na kuachwa legelege, swichi hiyo hukata moto kwenye sailensi tu. Mtu atasafisha kabureta mchana kutwa na hatapata kitu.

Kisha toa plagi. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, na shaka iende kwenye moto au kwenye mafuta yaliyozidi. Ikiwa kavu baada ya kuvuta kamba mara nyingi, mafuta hayafiki. Plagi nyeusi yenye masizi ya mafuta inasema mafuta ni mengi. Nyeupe inasema hewa ni nyingi, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Rangi ya kahawia ndiyo tunayoitaka. Plagi mpya ni rahisi kuliko muda wako. Funga mpya, pengo lake likiwa karibu milimita 0.7 au kama kitabu cha mashine kinavyosema, ndipo uendelee.

Mkosaji mkuu, kwa uzoefu wangu, ni jeti ndogo ya sailensi. Tundu lake la kupitishia mafuta halifiki hata nusu milimita. Mashine ikiegeshwa Aprili na petroli ndani ya kabureta, mafuta hayo hupungua taratibu kwa kugeuka mvuke na kuacha utando wa kunata unaoziba tundu hilo kabla ya jeti kubwa. Petroli nyingi ya Marekani huchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hunyonya maji. Maji yakizidi, hujitenga na petroli na kushuka chini ya tanki, na kwenye baridi kali hujitenga mapema zaidi.

Kipo kipimo kidogo kinachosema mengi. Injini ikishapata moto na mlio ukiwa chini, vuta choki nusu. Mlio ukipanda, injini ilikuwa na njaa ya mafuta: jeti imeziba au hewa inaingia mahali pasipotakiwa. Mlio ukizidi kuzama na moshi ukaongezeka, mafuta tayari ni mengi. Kwa tendo hilo moja unajua uelekee wapi.

Jeti iliyoziba itolewe, iloweshwe kwenye kisafishio na kupulizwa kwa hewa ya kompresa, kisha itazamwe kwenye mwanga mpaka uone duara safi. Usiichokoe kwa waya, utalipanua tundu. Vijia ndani ya mwili wa kabureta navyo vipulizwe. Rudisha skrubu ya hewa kwenye mzunguko mmoja hadi mmoja na nusu kutoka ilipokazwa taratibu hadi mwisho, kisha uisikilize injini.

Sasa nifike kwenye skrubu ya sailensi, ile inayoinyanyua slaidi kidogo. Mlio ukishuka, mkono wa kila mtu hukimbilia hapo. Naomba usifanye hivyo kabla ya kujua sababu. Ukiinyanyua slaidi, umedhoofisha choki, na kesho asubuhi mashine itakuwa ngumu zaidi kuwaka. Klachi inaweza kuanza kushika na chombo kikasogea chenyewe. Baya kuliko yote, umeficha injini yenye njaa. Katika mipigo miwili mafuta husaidia kupoza pistoni, na kwenye mashine za kuchanganya oili tankini ndiyo hubeba oili yenyewe. Injini yenye njaa ikiendeshwa kasi juu ya ziwa huyeyusha pistoni. Mashine nyingi hutulia kati ya mizunguko 1,500 na 2,000 kwa dakika; soma kitabu cha yako, na skrubu hiyo iguse mwisho wa kazi.

Kama mafuta hayafiki kabisa, fuata mpira kutoka tankini. Pampu haina umeme. Inasukumwa na pumzi za chumba cha krenki kupitia mpira mwembamba. Mpira huo ukipasuka, pampu inalegea. Mipira ya mafuta ikizeeka hupasuka kwenye maungio, na kwa kuwa pampu inanyonya, hutaona tone likidondoka. Mpira huvuta hewa, na mashine ikilala usiku mafuta hurudi tankini. Asubuhi unavuta kamba kuyarudisha.

Upande wa mafuta kuzidi, angalia kwanza kebo ya choki. Isipokuwa na ulegevu kidogo, kizibo hakifungi vizuri na choki inavuja siku nzima. Sindano ya boya ikichakaa, petroli hupita na kujaza injini hata ikiwa imezimwa. Kuna pia mwinuko: mashine iliyorekebishwa Roseau, Minnesota, kwenye mita zipatazo 300, ikipelekwa West Yellowstone huko Montana, kwenye mita 2,000 na ushei, inakuta hewa nyepesi. Mafuta yaleyale yanakuwa mengi, mlio unashuka, plagi zinakuwa nyeusi. Mashine hiyo ni nzima, inataka jeti za mlimani.

Mlio ukishuka pale unaposimama tu, tazama mkanda. Ukikaa umekaza mno, klachi huukwaruza hata kwenye sailensi na kuibebesha injini mzigo. Siku zenye unyevu karibu na sifuri, barafu nayo hujijenga ndani ya kabureta. Mashine huzima, kisha baada ya dakika chache joto la injini likishaiyeyusha huwaka bila tatizo.

Yote hayo yakiwa sawa, pima kompresheni, akseleta ikiwa wazi kabisa. Mashine nyingi nzima husoma karibu pauni 120 kwa inchi ya mraba au zaidi. Chini ya 100, au silinda mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, ringi na pistoni zikaguliwe. Kompresheni ikiwa nzuri na injini bado ina njaa, shaka ni mpira unaoshika kabureta au sili za krenki shafti. Wapo wanaopuliza kisafishio cha kabureta hapo na kusikiliza kama mlio unabadilika. Njia hiyo inafanya kazi, lakini kisafishio hicho kinashika moto na ekzosi ipo karibu. Mpe fundi aizibe injini na kuijaza hewa ya pauni 5 hadi 7; kipimo kikishuka, injini inavuja.

Vipimo vya injini inayonguruma vifanyike mlango ukiwa wazi, maana moshi wake unaua ndani ya banda. Na ukienda ziwani, nenda na mwenzako mwenye mashine nyingine, plagi mbili za akiba na spana yake.