Kweli au si kweli: Chuo bado, watu utawapata wapi?

Mitihani ya kidato cha sita huisha Mei, matokeo hutoka Julai, na vyuo vikuu vingi nchini Tanzania havifunguliwi hadi Oktoba au Novemba. Katikati hapo wengine huenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, wengine hubaki nyumbani wakihesabu siku, na wote hulishwa maneno na kaka, dada na majirani waliotangulia. Tuyapime machache.

"Watu wa chuo utawapata ukisharipoti."

Si kweli. Nenda steshenari yoyote yenye intaneti wakati dirisha la mikopo liko wazi. Utawakuta vijana kwenye benchi, bahasha za kaki mapajani. Mmoja amekwama kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi. Mwingine cheti chake cha kuzaliwa hakijahakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Wa tatu kajaza fomu yote na kuichapa, ila hajui kwamba kurasa za sahihi hupitia kwa mdhamini, serikali ya mtaa na kamishna wa viapo ndipo zirudishwe kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Kuna mtu pale alimaliza zake jana na anayajua yote haya. Akiamua kukaa nusu saa kuwaelekeza wenzake badala ya kuchukua risiti yake na kuondoka, atarudi nyumbani na namba za simu tatu, na si ajabu mmoja wao akawa kaomba chuo hicho hicho. Oktoba, kwenye foleni ya usajili, hatakuwa mgeni peke yake.

Waliopita JKT wanajua bila kuambiwa kwamba kazi ya pamoja huleta urafiki. Mtu uliyefyeka naye majani juani humsalimii kwa kujiuliza uanzie wapi.

"Grupu la WhatsApp la waliodahiliwa linatosha."

Linasaidia, halitoshi, na lina wenyewe: matapeli. Kila msimu hujitokeza "afisa" anayeuza chumba cha hosteli, au anayeweza "kusukuma faili" la mkopo ukimtumia kidogo cha kuanzia. Chumba huombwa kwa utaratibu wa chuo na hulipiwa kwa namba ya malipo, si kwa simu ya mtu binafsi. Mwenye faida kwenye grupu la namna hiyo ni yule anayeweka tangazo halisi la chuo kabla wenzake hawajaliwa. Kazi ndogo, haina shukrani, lakini watu hulikumbuka jina lake.

"Mambo ya wanafunzi ni ya wapenda vyeo."

Vyeo wapo wanaovipenda, tusidanganyane. Kampeni za serikali za wanafunzi zina ahadi nyingi kuliko bajeti. Lakini kuona hayo tu ni kukosa sehemu kubwa ya historia ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1967 kikundi cha wanafunzi kilianzisha USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Kiafrika. Mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, kijana aliyetoka Uganda. Wengi wa wenzake nao walitoka ng'ambo ya mipaka ya Tanzania. Walisoma vitabu pamoja, wakabishana, wakaandaa madarasa yao wenyewe ya itikadi nje ya ratiba, kisha wakatoa jarida lililoitwa Cheche. Mwaka 1970 chama kikapigwa marufuku, na jarida pia.

Itikadi yao unaweza kuikataa. Mimi mwenyewe siikubali yote. Kinachonivutia ni namna wageni walivyopata wenyeji. Hawakusubiri kualikwa chai. Walikuwa na kitabu cha kumaliza na jarida la kuchapa, na kila aliyeshika kazi akawa mwenzao.

Leo si lazima uanzishe chama. Kila darasa huhitaji CR, mwakilishi wa darasa, na CR ndiye anayemfuata mhadhiri ofisini, anayetafuta chumba cha kufidia kipindi, anayelaumiwa madesa yakichelewa. Ni adha tupu. Mpaka muhula uishe, hata hivyo, anamjua kila mtu.

"Vikundi vya dini ni vya washika dini."

Nusu kweli. USCF, TMCS na CASFETA vya Wakristo, na MSAUD cha Waislamu, ni vya ibada kwanza, wala usijiunge ukijifanya. Lakini ukifiwa wiki ya tatu ya muhula wakati bumu, fedha ya kujikimu ya mkopo, halijaingia, mara nyingi wanaochanga nauli ya kukufikisha msibani ni hao.

"Anayetoka nyumbani kila siku hana jumuiya."

Ana kazi zaidi, basi. Diskashi nyingi huanza usiku, na daladala halingoji. Panga zako ziwe mchana.

"Mwaka wa kwanza hana cha kutoa."

Huu ndio uongo unaoniudhi. Vipo vyuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimojawapo, vyenye wanafunzi wasioona, na si kila kitabu wanachotakiwa kusoma kinapatikana kwa nukta nundu. Anayejua kusoma kwa sauti na ana simu inayorekodi tayari ana mchango: sura moja jioni moja, ukitaja namba za kurasa, ukieleza jedwali badala ya kulipita, na kutamka majina ya waandishi polepole ili msikilizaji aweze kuyaandika. Jambo hilo halihitaji shahada, wala halihitaji usubiri barua ya udahili ndipo uanze kulifanyia mazoezi. Ukifika, ulizia kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Na kama sauti yako ni ya kusinzisha, waambie mapema wakupe vitabu vya sheria. Huko hakuna atakayeona tofauti.