Klachi, Nguvu ya Injini na Gharama ya Kupanda Newala

Uwanda wa Makonde huinuka taratibu kutoka pwani ya Mtwara, kisha hukatika ghafla upande wa magharibi, na kwa sababu hiyo gari linalotoka Masasi, au katika vijiji vya Chiwata, kuelekea Newala hulazimika kupanda mamia ya mita katika umbali mfupi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08, korosho hukusanywa kwanza katika vyama vya msingi, yaani AMCOS, na kupelekwa kwenye ghala kuu kabla ya mnada, chini ya vyama vikuu vya MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba. Usafirishaji umekuwa sehemu ya lazima ya biashara ya korosho, na gari likikwama mwezi wa Novemba, wakati wa msimu, mwenye nalo hupoteza kipato ambacho mwezi wa Machi hauwezi kukirudisha.

Malalamiko yanayosikika zaidi gereji ni kwamba gari halina nguvu mlimani, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa maneno hayo hubeba magonjwa mawili yasiyo na uhusiano. Klachi ni kiungo kinachounganisha injini na gia boksi na kuzitenganisha dereva anapokanyaga pedeli. Ndani yake kuna sahani yenye utando wa msuguano, ambayo mafundi huiita klachi pleti, inayobanwa na presha pleti kwenye flaiwili, gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini. Utando huo ukiisha, au ukilowa oili inayovuja kwenye sili ya nyuma ya injini, sahani huteleza na nguvu iliyozalishwa huishia kuwa joto na harufu ya kuungua. Injini inaweza kuwa nzima kabisa na gari lisipande.

Kinachotenganisha magonjwa hayo ni mizunguko ya injini. Dereva akiongeza mafuta mlimani akiwa katika gia kubwa, mngurumo ukapanda huku mwendo ukibaki palepale, klachi inateleza. Mngurumo nao ukigoma kupanda, kasoro imo katika injini yenyewe. Kipimo kingine hufanywa gari likiwa limesimama mahali tambarare, hendibreki ikiwa imevutwa: dereva huweka gia kubwa, huongeza mafuta kidogo na kuiachia pedeli taratibu. Klachi nzima huizima injini, lakini iliyokwisha huiacha iendelee kunguruma. Kipimo hicho kikirudiwarudiwa hula kile kilichobaki cha klachi, na kabla ya kukifanya ni busara kukagua kwanza kama pedeli ina mchezo wake wa kawaida, kwani pedeli isiyo na mchezo huizuia klachi kubana hadi mwisho, nayo huteleza hata ikiwa mpya.

Injini ya dizeli, kwa upande wake, husema kwa moshi. Moshi mweusi huonyesha kwamba hewa ni pungufu kuliko mafuta, na katika barabara za vumbi mshukiwa wa kwanza ni chujio la hewa, akifuatiwa na mpira uliopasuka wa tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa; wa bluu ni oili inayoungua; mweupe usiokoma hutokana na mafuta yasiyoungua au maji yanayoingia ndani. Gari lisilotoa moshi lakini likapoteza nguvu polepole mara nyingi linahitaji chujio jipya la dizeli tu. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo iliwahi kuwa tatizo la nchi nzima, kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba vya kuutambua mchanganyiko huo mwaka 2010 na Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli inavyofanya. Ama dhana kwamba urefu wa Newala ndio unaoichosha injini, haina uzito mkubwa: injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, hivyo mpando huu hauwezi kuinyang'anya hata sehemu moja ya kumi.

Mchanga wa uwandani una lawama kubwa zaidi, maana dereva anayejinasua kwa kuishika pedeli nusu huila klachi kwa dakika chache zaidi ya inavyoliwa na safari nyingi za lami. Kuibadilisha kunadai gia boksi ishushwe, na kwa kuwa ufundi huo hulipiwa vilevile iwe kimebadilishwa kipande kimoja au seti nzima, kuacha beringi na presha pleti za zamani ni ubahili wa hasara. Hata hivyo, katika gereji nyingi za miji midogo fundi hulipwa kwa kufungua na kufunga, wala si kwa kupima, kwa hiyo hana sababu ya kumwambia mteja kwamba tatizo ni chujio. Mwenye gari anayekubali kulipia upimaji mwezi Agosti, kabla korosho hazijaanza kushuka na spea hazijaagizwa kwa haraka kutoka Kariakoo, humpa fundi sababu hiyo.