Usiku wa Muzdalifa na mashine ya kupumulia

Alfajiri ya tarehe 10 Dhul-Hijja, miaka michache iliyopita, nilimkuta mjomba wangu ameketi palepale nilipomwacha katikati ya usiku. Mgongo ameuegemeza kwenye begi, macho mekundu, tasbihi mkononi.

"Hukulala, mjomba?"

"Nilale vipi, mwanangu? Nikilala nakatika pumzi."

Pembeni yake ilikuwapo mashine yake ya CPAP ndani ya mkoba, zipu haijaguswa. Aliibeba kutoka Dar es Salaam, akaipitisha kwa wakaguzi wa viwanja viwili vya ndege, akalala nayo Makka na Mina bila tatizo. Pale Muzdalifa, juu ya mkeka uliotandikwa kwenye changarawe, ikageuka mzigo, kwani hapakuwa na mahali pa kuichomeka. Asubuhi ile, tukielekea Jamarati, alikuwa akisinzia huku anatembea. Mara mbili nilimdaka mkono kabla hajajikwaa, na anayelijua lile wimbi la watu anaelewa maana ya mzee kuanguka ndani yake.

Wakala aliyetusafirisha, ambaye sitamtaja, alikuwa ametuhakikishia kwamba "umeme upo kila mahali." Kwa Mina hakukosea sana. Baada ya moto wa mwaka 1997 ulioua mahujaji zaidi ya 340, mahema ya Mina yalijengwa upya kwa kitambaa kisichoshika moto kwa urahisi, yakawekwa viyoyozi, na umeme ukafika ndani. Soketi ni chache na zinagombewa na wenye simu, lakini zipo. Muzdalifa si hivyo. Ni uwanda wa wazi baina ya Arafa na Mina ambako watu hulala chini ya mbingu. Taa kubwa za nguzoni zipo, na ndizo zinazowadanganya wengi kudhani kwamba soketi nayo haitakosekana.

Naandika haya kwa sababu katika msikiti wetu pekee nawafahamu watu wanne wanaotumia mashine hizi, na kila mmoja ana nia ya Hija. Maradhi yenyewe tumezoea kuyafanyia mzaha. Mtu akikoroma hadi dirisha likatikisika, tunasema amelala fofofo. Kumbe mwingine njia ya hewa kooni inajifunga, pumzi inasimama kwa sekunde kumi au zaidi, mwili unashituka na kumwamsha nusu, kisha mambo yanaanza upya, pengine mara thelathini au zaidi kwa saa moja. Mjomba aligundulika kwa sababu ya itikafu: vijana waliolala karibu naye walihesabu muda aliokaa kimya baina ya mkoromo na mkoromo, wakaogopa, wakamshauri aende hospitali. Dawa aliyopewa ni upepo tu. Mashine husukuma hewa kwa mgandamizo kupitia bomba na barakoa, hewa hiyo ikaliweka koo wazi usiku kucha. Aliyeibuni ni daktari wa Australia, Colin Sullivan, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inafanya kazi vizuri mno, ila haina maana bila umeme.

Mwaka uliofuata mama mmoja wa darsa ya akinamama alipata nafasi ya Hija. Naye anatumia mashine kama ile. Alinijia ofisini baada ya Swala ya Alasiri akaniambia, "Katibu, nimesikia yaliyomkuta mjomba wako. Mimi sitaki kukesha kwa hofu. Nikikesha, iwe kwa ibada." Nikamjibu, "Inshaallah, mama, safari hii tutapima kwanza."

Kosa la watu wengi ni kusoma maandishi ya kwenye chaja. Chaja ikiandikwa wati 90, mtu anapiga hesabu ya betri kubwa kama jiwe la msingi, anakata tamaa. Wati 90 ni kikomo, si matumizi ya kawaida. Kinachokula umeme hasa ni kile kitangi cha maji kinachopashwa moto ili hewa isikaushe koo, pamoja na bomba lenye waya wa joto. Feni yenyewe hula kidogo.

Kipimo chetu kilikuwa LUKU. Mwanawe alizima kila kitu nyumbani, hata jokofu (alisema halikuwa na cha kuharibika, ilikuwa mwisho wa mwezi), akasoma namba kabla ya mama kulala na tena baada ya adhana ya Alfajiri. Usiku wa kwanza, maji yakipashwa joto, ziliondoka uniti 0.31 kwa saa saba. Usiku wa pili, kitangi na bomba la joto vikiwa vimezimwa, iliondoka 0.09 tu. Uniti moja ni wati-saa 1,000, kwa hiyo 0.09 ni wati-saa 90. Msafara ukitoka Arafa baada ya jua kuzama, mara nyingi hufika Muzdalifa usiku umeshakwenda, na usingizi wa pale haufiki saa tano. Hesabu yake ikawa kama wati-saa 65. Kila mashine ina kiasi chake, kwa kutegemea mgandamizo aliouweka daktari, hivyo namba hizi zisichukuliwe kama ndizo za kila mtu. Apime yake.

Ukishajua namba, unakutana na sheria za ndege. Betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 inaruhusiwa bila kibali maalumu. Ya kuanzia 100 hadi 160 inataka ridhaa ya shirika la ndege, na betri za akiba za ukubwa huo zisizidi mbili. Zaidi ya hapo haipandi ndege ya abiria kabisa. Betri za akiba hukaa kwenye begi la mkononi, ncha zake zikiwa zimekingwa, wala haziwekwi kwenye begi linalokwenda chini. Kama betri imeandikwa kwa mAh pekee, zidisha kwa 3.7 kisha gawa kwa 1,000: ile ya 20,000 ni wati-saa 74. Lakini pawabenki ya simu haifai hata ikiwa na ukubwa huo, kwa kuwa hutoa volti 5 za kawaida ilhali mashine hizi huhitaji volti 12, na nyingine volti 24. Lazima iwe betri yenye tundu la volti hiyo na waya unaolingana na mashine. Mama alinunua ya wati-saa 95. Mwanawe alitaka kumwongezea inveta, tukamkataza: kuugeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, kisha chaja iurudishe tena kuwa wa betri, ni kuupoteza njiani.

Kisha akalala nayo nyumbani, swichi kuu ikiwa imezimwa, si kwa nusu saa bali usiku mzima. Usiku wa kwanza betri ilijizima saa nane kwa sababu waya ulikuwa umelegea. Alhamdulillahi ulilegea Mbagala.

Likabaki suala la ihramu, maana usiku wa Muzdalifa hujaji bado hajatahalali. Mwanamume amekatazwa kufunika kichwa, na barakoa hushikiliwa na mikanda inayozunguka kichwa. Mwanamke kichwa chake kimestiriwa, ila amekatazwa kufunika uso kwa kitu kinachougusa. Tulimuuliza sheikh wetu. Alijibu kwamba haja ya maradhi inaondoa dhambi, na kwa fiqhi yetu ya Kishafii ni salama zaidi mtu atoe fidya, nayo ni hiari baina ya kufunga siku tatu, kulisha maskini sita au kuchinja mbuzi. Alitukumbusha pia rukhsa ambayo mjomba hakuitumia: Mtume (s.a.w.) alimruhusu Bi. Sauda, aliyekuwa mzito wa mwendo, kuondoka Muzdalifa usiku kabla ya msongamano, na Ibn Abbas alikuwa miongoni mwa wanyonge wa familia yake waliotangulizwa. Kwa Shafii, kuwepo pale hata kitambo kidogo katika nusu ya pili ya usiku kunatosheleza wajibu. Ila rukhsa haina magurudumu. Sisi basi letu halikuondoka mpaka Alfajiri, na mgonjwa hakuwa na njia nyingine.

Mambo mawili madogo. Kitangi kimwagwe maji kabla ya safari, maana mashine ikilazwa kwenye begi maji huingia kwenye feni. Na kwa mapenzi yote tuliyonayo, Zamzam isitiwe humo. Ni maji yenye madini mengi, yakikauka huacha ukoko. Zamzam ni ya kunywa.

Wasiokwenda Hija wanaweza kuuliza: na sisi tunaokwenda kijijini kwenye msiba, ambako nguzo ya umeme haijafika? Huko mambo ni mepesi, kwa sababu huhitaji ndege. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, unapata usiku tano au sita kwa mashine inayokula kama ya mama yule, bila kupasha maji joto. Mashine ya volti 24 itahitaji waya maalumu wa kupandisha volti, usiichomeke moja kwa moja kwa kubahatisha. Na betri ikigoma usiku, mgonjwa alale ubavu, kichwa kikiwa juu kidogo, asilale chali. Hiyo haichukui nafasi ya mashine, na ni vizuri daktari aulizwe kabla ya safari kama kukosa usiku mmoja kunavumilika kwa mtu huyo, kwani wagonjwa hawako sawa.

Mama alirudi salama. Anasema alilala saa nne na nusu, binti yake akiwa ubavuni, na baadhi ya mahujaji walisimama kumtazama wakidhani amezidiwa, mmoja akamwombea dua kwa lugha asiyoijua. Betri ilipofika Alfajiri ilikuwa na taa moja kati ya nne. Mjomba alipoonyeshwa picha alinyamaza kidogo, akauliza bei.

Betri hiyo sasa ipo kwenye kabati la kamati, mama ameitoa iazimwe. Tunaiweka ikiwa na chaji kama ya nusu na kuiangalia kila baada ya miezi mitatu. Anayeiazima kwa safari anapewa wiki mbili kabla, na sharti ni moja: alale nayo kwanza usiku mmoja nyumbani kwake, swichi kuu ikiwa imezimwa, kisha aje atuambie ilizimika saa ngapi.