Umoja wa Forodha na Bei ya Sukari ya Futari

Kila unapokaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani, familia zetu hulalamikia bei ya sukari na mchele, na lawama zote humwangukia mwenye duka. Tunaona ni haki tuutazame pia mkataba unaochangia bei hiyo.

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005. Msingi wake ni mambo mawili. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya nchi wanachama huvuka mpaka bila ushuru wa forodha. Na bidhaa itokayo nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa pamoja, ambao viwango vyake vya kawaida tangu Julai 2022 ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Zipo hata hivyo bidhaa zinazolindwa zaidi: sukari hutozwa asilimia 100, na mchele 75.

Tupige hesabu. Sukari ya nje iliyofika bandarini kwa thamani ya shilingi 1,000 hugeuka shilingi 2,000, kabla ya kodi nyingine, usafiri na faida. Ukuta huo humlinda mkulima wa miwa wa Kilombero na Kagera, naye ni mzazi mwenye watoto wa kulisha. Lakini anayeulipia ni mlaji, na maskini huulipia kwa uchungu zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kipato chake huishia jikoni.

Neema nayo ipo. Mchele wa Mbeya huingia Kenya bila ushuru, na mfanyabiashara mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 hutumia cheti chepesi cha uasili wa bidhaa. Mlaji wa Nairobi hupata nafuu, na mkulima hupata soko. Ila wanunuzi wakizidi, mlaji wa Mbeya naye huona bei ikipanda.

Viwanda vya ndani vinapopungukiwa, sukari ya nje huweza kuruhusiwa kuingia kwa ushuru mdogo kwa muda maalumu. Hapo ndipo amana hupimwa. Nafuu hiyo ni haki ya mlaji. Ikifichwa ghalani kungoja bei ipande, huko ni kuhodhi chakula, jambo ambalo dini yetu imelikataza.

Kwa hiyo tunaomba vibali hivyo vitangazwe hadharani: nani amepewa, tani ngapi, na kwa ushuru gani. Mlaji akiyajua hayo, atajua pa kuuliza pindi bei dukani isiposhuka.