Msaada Uliokwisha na Faida Iliyobaki

Watu wengi hudhani kwamba msaada wa serikali wakati wa shida ni kama maji yaliyomwagwa mchangani: hunywewa mara moja, wala hayaonekani tena. Mimi sikubali, na ushahidi wangu ni mambo yaliyotendeka Marekani tangu mwaka 1933.

Mwaka 1929 bei za hisa zilianguka katika soko la New York. Viwanda vikafungwa, na katika miaka michache benki zipatazo 9,000 zikafa pamoja na akiba za watu. Kufikia mwaka 1933, katika kila wafanya kazi wanne, mmoja hakuwa na kazi. Ndipo Franklin Roosevelt aliposhika urais, akaanzisha mipango mingi ya kuwasaidia watu.

Wazee wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Huko nako ikawa hivyo. Vijana wasio na kazi walikusanywa kambini, wakapanda miti na kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Kila mmoja alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida dola 25 zilipelekwa nyumbani kwao. Mpango huo ulikwisha mwaka 1942, lakini miti kama milioni elfu tatu ilikuwa imekwisha kupandwa. Mpango mwingine, ulioanza mwaka 1935, uliajiri watu kama milioni nane na nusu kujenga barabara, madaraja na shule. Mishahara ile ililiwa zamani. Madaraja mengi yangali yanapitwa hata leo.

Sheria nazo zilidumu. Mwaka 1933 serikali iliweka bima ya akiba za benki. Kwa hiyo mtu akisikia uvumi mbaya, hana haja ya kukimbilia benki kutoa fedha zake. Na mbio za namna hiyo ndizo zilizoua hata benki zilizokuwa nzima. Mwaka 1935 ikatoka sheria ya pensheni ya uzee: mfanya kazi na mwajiri wake wote wawili hulipa kodi, naye akizeeka hulipwa kila mwezi. Mamilioni ya wazee huipata mpaka sasa.

Hata hivyo, haifai kusifu tu. Kwanza, mipango hii ilipunguza ukosefu wa kazi, lakini haikuumaliza. Uliisha hasa Vita vya Pili vya Dunia vilipojaza viwanda kazi. Pili, sheria ya pensheni iliwaacha nje watumishi wa nyumbani na vibarua wa mashambani, na Wamarekani weusi wengi wa kusini walifanya kazi hizo. Wengi wao hawakuingizwa mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1950 na 1954. Kibarua aliyekuwa na miaka 50 sheria ilipotoka, alikuwa na 65 mwaka 1950, amelima miaka yote hiyo bila kuwekewa hata senti moja.

Basi, wanafunzi wenzangu, tusikiapo habari za msaada wa serikali, tusiulize tu ni fedha kiasi gani zimegawanywa. Tuulize pia ni kitu gani kitakachobaki fedha zikiisha, na ni nani aliyeachwa nje. Kilichojengwa vema hudumu, na dhuluma iliyoandikwa katika sheria hudumu vile vile.