Mbwa Ajuaye Kukaidi

Kwetu, neno mbwa ni tusi kabla ya kuwa jina la mnyama. Nchini Uingereza, tangu 1956, wapo raia wanaojitolea kulea vilebu (neno ambalo wanafunzi wetu hulijua kwa ajili ya mtihani tu) ili hatimaye wawaongoze wasioona. Kilebu hufika akiwa na majuma manane hivi. Mlezi humzoesha ngazi, magari na makelele ya sokoni. Baada ya mwaka mmoja au zaidi humrejesha, pengine kwa machozi. Ndipo mbwa hufunzwa somo linalonistaajabisha mimi mwanaisimu: kukaidi. Asiyeona akisema "mbele" ilhali gari laja, mbwa habanduki. Amelielewa neno, akalipima, akalikataa. Ni walimu wangapi miongoni mwetu wanaomvumilia mwanafunzi wa namna hiyo? Mlezi naye, kufikia hapo, huenda amekwisha kupokea kilebu mwingine.