Throto ya IST: usafishe, ununue used au mpya?

Sailensa (mizunguko ya injini usipokanyaga mafuta) ya IST yangu, injini ya 1NZ, ilianza kupanda na kushuka kila niliposimama foleni, hadi siku moja gari likazima kwenye mataa. Fundi wa kwanza alisikiliza tu, hakupima. "Throto imekufa, bosi. Nunua nyingine."

Nikaenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani kuulizia. Used ya Japani nilitajiwa bei inayokaribia tangi moja la petroli. Mpya halisi ni mara kadhaa ya hiyo, tena ya kuagiza. Kuna na kopi mpya, zinang'aa kwenye boksi na bei yake inavutia, lakini mimi sizitaki: mota na sensa ndizo throto yenyewe, na kopi huangukia hapohapo. Bora used halisi, ila soma namba. Throto za umeme za Toyota huanza na 22030, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotenganisha injini na injini. Ya kebo usiipokee kabisa. Kagua pini za soketi, kisha muuzaji aandike kwenye risiti kwamba ikigoma unairudisha. Hesabu pia gasketi, ufundi, na maji ya rejeta yatakayomwagika, maana mipira yake hupita pale.

Kopo la dawa ya kusafishia, kwa upande mwingine, ni bei ya lita tatu nne za petroli. Fundi wa pili alichomoa mpira wa hewa akanionyesha: ukingo wa kisahani cha throto umezungukwa na masizi meusi yanayonata kama lami. Switchi ikiwa imezimwa, akayafuta kwa kitambaa chenye dawa, taratibu, bila kukisukuma kisahani kwa nguvu. Gia zake ni za plastiki.

Tukawasha. Sailensa ikapanda kuliko mwanzo! Wengi hapa ndipo hukimbilia dukani. Kumbe kompyuta ilikuwa imezoea kufungua zaidi ili kufidia masizi, na sasa hewa imezidi. Tulitoa terminali ya betri, tukarudisha, tukaliacha gari liungurume bila AC kama dakika kumi. Kwenye mashine ya kupimia, mizunguko ilishuka hadi karibu 700.

Ningenunua kama, baada ya usafi huo, mashine ingeendelea kusoma P2111 au P2112, yaani kisahani kimekwama, na waya zimeshapimwa zikaonekana nzima.